Kinyonga wa pembe tatu kazaa wiki kumi zilizopita: nimpandishe tena lini?

KizimbaBaridi

Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaofuga vinyonga wanaozaa, si wale wanaotaga.

Nina jike wa kinyonga wa Jackson, yaani huyo wa pembe tatu, ile aina ya miteremko ya Mlima Kenya (xantholophus). Ana miaka miwili na miezi mitatu, amezaliwa kizimbani na ana karatasi zake. Nipo Ujerumani. Huu ulikuwa uzazi wake wa kwanza.

Alipandwa mwisho wa Julai akiwa na gramu 56. Siku tatu kabla ya kuzaa alifika 78. Alizaa tarehe 14 Januari asubuhi: watoto hai 21, mmoja amekufa, mayai viza 5 ya rangi ya chungwa. Jioni ile alikuwa na gramu 49. Tangu hapo nampima kila Jumapili asubuhi kabla hajala: wiki ya 2 gramu 51, ya 4 gramu 54, ya 6 gramu 57, ya 8 gramu 60, na jana, wiki ya 10, gramu 63.

Joto chini ya taa ni 28, katikati ya tundu 23 hadi 24, usiku 17 hadi 18 kwa sababu nyumba ina hita. Taa ya UVB (mionzi kama ya jua) ni tyubu ya T5 ya asilimia 6. Anakula mende wa dubia au nyenje 6 kila siku. Kalsiamu isiyo na vitamini D3 kila mlo, multivitamini yenye D3 kila Jumamosi. Dume yupo chumba kingine, hawajaonana tangu Agosti mwanzoni.

Ameshapita uzito aliokuwa nao kabla ya mimba na anaonekana mzima. Je, nimpeleke kwa dume wiki ijayo? Nimesikia jike hupokea dume wiki tatu tu baada ya kuzaa.

---

Mlalo77

Mkuu, wiki kumi zinatosha. Mkutanishe na dume, kama hataki atasema mwenyewe. Wanyama hawa porini hakuna anayewahesabia siku.

---

Pembe3

Mlalo, kupokea dume na kuwa tayari kubeba ni mambo mawili. Jike aliyekonda hupokea dume vizuri tu, kisha anakufa mwezi mmoja baada ya kuzaa. Na huko porini hakuna anayewahesabia maiti pia.

Ndugu KizimbaBaridi, kabla hujauliza lini, hakikisha nafasi ipo. Jike wa Jackson hutunza mbegu za dume mwilini. Mpando mmoja wa Julai unaweza kumpa uzazi wa pili pasipo kuona dume tena. Kwa hiyo inawezekana unapanga harusi ya mke aliyekwisha olewa.

Takwimu zako zinanitia shaka. Kutoka 49 hadi 56 ni kurudisha kilichopotea, hilo sawa. Lakini hakusimama hapo. Anapanda gramu moja na nusu kila wiki, mwendo uleule. Jike anayerudisha mwili huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza akikaribia uzito wake wa kawaida. Asiyepunguza mwendo, ama unamnenepesha, ama ana kitu tumboni. Mizani haiwezi kukwambia ni kipi kati ya hivyo viwili. Macho yanaweza, ukijua pa kutazama.

Mwache juu ya ufito wake, usimkamate, kisha tazama hivi:

Shina la mkia, pale linapotoka nyuma ya nyonga. Kwa jike aliyeshiba akiba ni nene na la mviringo. Kwa aliyekonda linakuwa na kona, unaona mifupa ya mgongo kama ukingo wa kisu.

Mashavu ya juu ya kichwa, nyuma ya macho na chini ya ile kofia ya mfupa. Kukiwa na mbonyeo kila upande, akiba haijarudi. Jicho lenyewe lisikuchanganye. Jicho likidumbukia ndani ni upungufu wa maji, habari nyingine.

Mapaja na mikono ya juu. Nyama inatakiwa ifunike mfupa. Ukiona kiwiko kimevimba kuliko mkono, bado.

Tumbo, mwisho. Mtazame kutoka juu. Aliyenona tu anapanuka sawasawa kuanzia kifuani. Mwenye mimba anafanana na peasi, upana uko nyuma, karibu na miguu ya nyuma, na akijinyoosha kuvuka kutoka ufito mmoja kwenda mwingine utaona mabonyeo madogo ubavuni.

Gramu 63 zenye shina la mkia jembamba ni mimba mpaka ithibitike vinginevyo. Gramu 63 zenye mkia mnene na mashavu yaliyojaa ni chakula kingi, na hapo tutaongea lugha nyingine.

Kisha fanya jaribio la dume. Asubuhi, saa mbili au tatu, jike akiwa ameshaota taa. Mlete dume juu ya mmea wa chungu, umweke mita mbili hivi kutoka kwenye tundu, wazi mbele ya macho yake, kwa dakika tatu tu. Jike anayekubali hubaki kijani, hutembea polepole au hakai na wasiwasi wowote. Mwenye mimba hubadilika ndani ya sekunde chache: anakuwa mweusi wenye madoa makali, anajibanua ubavu ili aonekane mkubwa, anayumba mbele na nyuma, anafunua kinywa na kutoa mlio wa kufoka kama tairi linalotoa upepo. Akifanya hivyo mwondoe dume hapohapo. Usisubiri azoee, hazoei.

Usimweke dume ndani ya tundu lake kujaribu. Dume wa Jackson ana pembe tatu na hana subira.

Leta majibu.

---

NyenjeTu

Pembe3 kasema ya mwili, mimi niseme ya sahani.

Dubia 6 kila siku kwa jike wa gramu 60 ni nyingi, ila kosa kubwa liko Jumamosi. D3 kila wiki ni kipimo cha vinyonga wa joto kavu, wa mlimani hakimfai. Jackson anatoka kwenye ukungu na baridi, mwili wake hauhimili D3 na vitamini A nyingi za unga. Zikizidi, utaona koo na shingo zinajaa maji, ngozi ya chini ya kidevu inaning'inia kama mfuko wa plastiki wenye maji. Wengi hudhani ni ugonjwa wa tezi. Weka multivitamini mara mbili kwa mwezi, zaidi ya hapo hapana, na kiasi chake kiwe vumbi la kuonekana kwa shida juu ya mdudu. Mdudu akifanana na andazi lililopakwa sukari, umezidisha. Kama tyubu yako ya T5 ni mpya na jike anaweza kukaa sentimita 20 hadi 25 chini yake, D3 nyingi anajitengenezea mwenyewe.

Kalsiamu tupu kila mlo kwa jike aliyetoka kuzaa ni sawa, endelea.

Mpango wa kumrudisha mwili, kwa ufupi: siku tatu za kwanza baada ya kuzaa maji ni muhimu kuliko chakula, unyunyize dakika 10 hadi 15 asubuhi na jioni, na chupa ya matone iachwe wazi kwa muda wa saa mbili. Wiki nne za kwanza mlishe kila siku, nyenje 4 au 5 wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake. Baada ya hapo siku moja ndiyo, siku moja hapana. Dubia ni wazito, mpe mara mbili kwa wiki tu. Viwavi wa hariri ni wazuri sana kwa jike aliyekauka kwa sababu wana maji mengi.

Na wadudu wenyewe wale kwanza. Nyenje aliyekaa siku mbili na kadibodi ya trei ya mayai ni ganda tupu. Saa 24 kabla ya kumlisha kinyonga, wape sukuma wiki, karoti iliyokunwa, boga, majani ya viazi vitamu. Punguza spinachi, inafunga kalsiamu.

Swali langu kwako: sehemu nyeupe ya kinyesi chake ina rangi gani? Na kinyesi kimewahi kupimwa minyoo tangu azae?

---

BintiMaskati

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi nina yule wa Yemen, mwenye upanga mkubwa kichwani. Haya ya kusubiri kabla ya kumpandisha tena yananihusu? Hana dume kabisa lakini ametaga mara mbili ndani ya mwaka.

---

KizimbaBaridi

Nashukuru sana, na leo asubuhi nimefanya yote.

Shina la mkia lina kona, si nene. Nyuma ya macho kuna mbonyeo mdogo kila upande. Kutoka juu, kweli ni peasi, sikuwa nimetazama kutoka huko.

Dume nimemleta kwa umbali wa mita mbili. Hata dakika haikufika: jike kawa mweusi, kafunua kinywa, kafoka, na akaendelea kuyumba hata baada ya dume kuondolewa, dakika kumi nzima.

Nyeupe ya kinyesi ni ya manjano upande mmoja. Hakijapimwa. Koo halijavimba.

Inamaanisha ana mimba? Na kama ana mimba nifanye nini, maana mwili ndio huo haujarudi?

---

Pembe3

Kwa dalili hizi, ndiyo, mchukulie kuwa ana mimba. Uthibitisho ni ultrasaundi. Usikubali eksrei sasa: eksrei inaonyesha mifupa ya watoto, na mifupa hiyo huonekana mimba ikiwa imekwenda sana. Ukipiga leo utaambiwa hana kitu, nawe utampeleka kwa dume. Ultrasaundi inaona mayai na vijusi mapema. Tafuta daktari anayetibu reptilia, wa paka na mbwa pekee hatakusaidia.

Ile rangi ya manjano inasema maji hayatoshi. Nyeupe ikiwa nyeupe kabisa yuko vizuri, manjano kidogo ongeza maji, rangi ya chungwa iliyokauka kama chaki ni hatari. Jike mwenye mimba hunywa mno, na mayai yanavuta maji kutoka kwake kwanza.

Sasa kwa nini nilisisitiza mwili urudi kabla. Jackson anazaa, lakini hana kondo la kulisha watoto kama mbuzi. Kila mtoto anakua ndani ya utando wake, akila kiini cha yai alilopewa mwanzo. Kiini hicho kinatengenezwa kutokana na mafuta ya tumboni mwa mama na kalsiamu ya mifupa yake, kabla yai halijarutubishwa. Maana yake ni hii: chakula unachompa wakati wa mimba kinamwokoa mama zaidi kuliko watoto. Kiini kikishafungwa, kimefungwa. Jike akishika mimba akiwa mkavu, utaona matokeo yake siku ya kuzaa: mayai viza mengi, watoto wanaoshindwa kupasua utando, wengine wenye mikono iliyopinda. Na mama anabaki na mifupa iliyokopwa.

Ndiyo sababu siamini kalenda peke yake. Kama asingekuwa na mimba, ningekwambia hivi: miezi minne tangu azae ndiyo chini kabisa, sita ndiyo salama, na uzazi mmoja kwa mwaka unatosha kwa jike yeyote wa kizimbani. Juu ya miezi hiyo weka masharti. Shina la mkia limejaa. Uzito umerudi pale pa kabla ya mimba na umetulia hapo wiki nne mfululizo, haupandi haushuki. Kinyesi kimepimwa na ni safi. Na jaribio la dume limepita. Likikosekana moja, subiri. Jike aliyezaa mara tatu mpumzishe moja kwa moja. Majike huishi muda mfupi kuliko madume, na uzazi ndio unaokula tofauti hiyo.

Kwa wako, ambaye mbegu zilizotunzwa zimekuwahi, huwezi kuzuia tena. Kinachobaki ni kubeba mimba hii kwa gharama ndogo.

Kwanza usiku. Nyuzi 17 hadi 18 kwa Jackson ni joto. Kule kwao miteremkoni usiku hushuka hadi 10 na chini yake. Usiku wa joto humfanya achome usiku akiba aliyoila mchana. Zima hita ya chumba hicho, fungua dirisha kidogo, umshushe hadi 12 au 14. Usimshushe siku moja, mteremshe nyuzi moja kila usiku mbili tatu. Mchana acha kama ulivyo, na taa ya kuota iwake kwa muda wa saa nne hadi tano, isiwe siku nzima.

Pili, mlo. Fuata mpango wa NyenjeTu lakini mlishe kila siku, midogo midogo. Tumbo likianza kujaa watoto, nafasi ya chakula inapungua, na jike anayepewa wadudu wakubwa watatu ataacha wawili. Mpe wadogo saba.

Tatu, kinyesi kipelekwe wiki hii. Kiwe kibichi, ndani ya kikopo chenye kifuniko, na tone la maji kisikauke. Kihifadhiwe kwenye friji, kisigandishwe, na kifike ndani ya saa 24. Dawa ya minyoo atoe daktari kwa uzito wa siku hiyo, na mwambie kabla kwamba ana mimba. Kuna wanaotumbukiza dawa ya mbuzi kwa kukisia. Usifanye.

Nne, mshike mara moja tu kwa wiki, kwa mizani. Usimbane tumbo. Weka ufito juu ya mizani, uusawazishe kwenye sufuri, mwache apande mwenyewe.

Dume asimwone tena. Hata kumwona kupitia kioo cha mlango kunamtia msongo.

---

Pembe3

BintiMaskati, dada, wako ni kisa kingine kabisa. Kinyonga wa Yemen anataga, na hutaga hata bila dume, kama kuku. Mayai hayo ni tasa lakini yanamchosha vilevile. Kwake kazi yako si kupanga mpando, ni kupunguza mataga. Akiwa mkubwa mlishe wadudu watatu hadi wanne kila baada ya siku mbili, na joto la kuota lisizidi 27. Chakula kingi na joto kali ndivyo vinavyomletea mayai 60 au 70 kwa mpigo.

Na awe na ndoo ya kutagia wakati wote: kina cha mchanga sentimita 30, upana usiopungua 30, mchanga uliooshwa na kuloweshwa kiasi kwamba ukichimba tundu kwa kidole halibomoki. Asipopata pa kuchimba anayabana mayai, na hapo ni upasuaji. Akianza kuchimba funika tundu kwa kitambaa. Akijua anatazamwa anaacha.

Kumpandisha tena baada ya kutaga: kama ametaga mara mbili mwaka huu, mwaka huu umekwisha.

---

Mlalo77

Nimekubali somo. Ila naomba kuuliza kwa faida ya wengi: si angewaachia hao watoto na mama wenyewe shambani wajitafutie? Huku Arusha wako kwenye ua wa michongoma wamejaa tele.

---

MichongomaMeru

Mlalo, hapana, na kuna sababu zaidi ya moja.

Wale wa kwenye ua wa Arusha ni merumontanus, wa Mlima Meru. Ni wadogo kuliko wa KizimbaBaridi, na jike wao huwa na pembe moja puani. Ukichanganya aina hizi mbili unaharibu zote. Halafu mnyama wa kizimbani ana vimelea ambavyo wa porini hawajawahi kukutana navyo.

Kisa cha Hawaii kinajulikana. Mwaka 1972 vinyonga kadhaa wa Jackson walisafirishwa hadi kisiwa cha Oahu kwa mwenye duka la wanyama. Walifika wamekauka na wamekonda, akawaachia kwenye miti ya ua wake huko Kaneohe wapate nafuu. Walipata. Leo wameenea visiwani na wanakula konokono na wadudu wa asili ambao hawapatikani kwingine duniani. Vinyonga wengi wa aina hii wanaofugwa Marekani chimbuko lao ni huko.

Na upande wa pili: usiokote wa kwenye ua ukawaweka tundu. Kenya kumfuga mnyama pori bila kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2013. Tanzania usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulisimamishwa mwaka 2016. Biashara ya kimataifa ya kinyonga huyu iko chini ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori), Kiambatisho cha II, ndiyo maana mwenye uzi anasema ana karatasi. Zaidi ya sheria, jike wa kuokotwa karibu kila mara ana mimba na minyoo kwa pamoja, hujui ya miezi mingapi.

Kwa anayefuga wa Meru kihalali: masharti ya Pembe3 ni yaleyale, gramu tu ndizo zinazopungua. Usitumie 56 ya mtu mwingine kama kipimo. Kipimo cha jike wako ni uzito wake mwenyewe kabla ya mimba ya kwanza. Ndio maana kumpima toka utotoni kuna thamani.

---

NyenjeTu

Na jambo ambalo hakuna aliyeligusa: hao 21 wa Januari wako wapi?

Mtoto wa Jackson wa mwezi mmoja anakula nzi wa matunda 10 hadi 15 kwa siku. Ishirini na mmoja ni nzi 200 hadi 300 kila siku, bila Jumapili. Chupa moja ya nzi ikichanua haitoi zaidi ya siku chache za maana, kwa hiyo unahitaji chupa mpya mbili au tatu kila wiki, zikipishana. Baada ya mwezi na nusu wanataka nyenje wadogo, na wakubwa wanaanza kuwabana wadogo, wadogo wanaacha kula bila kupigana na yeyote, kwa kutazamwa tu. Inabidi uwagawe wanne au watano kwa tundu. Ukiwa bado una hawa na mama akaleta wengine kiangazi, hesabu matundu na tyubu za UVB kabla hujahesabu watoto.

---

KizimbaBaridi

NyenjeTu, wapo 19. Wawili walikufa wiki ya pili. Wako kwenye matundu manne, na kweli chupa za nzi zimenimaliza.

Ultrasaundi imefanyika jana. Daktari kahesabu vijusi vinavyokua vizuri kama 12, na vingine vitatu vinavyoonekana kama mayai yasiyokua. Kinyesi kimekutwa na minyoo ya mviringo kwa kiasi kidogo, ametoa dawa kwa uzito na tutarudia kipimo baada ya wiki tatu. Hakuna mtoto wala yai lililosalia kutoka uzazi wa Januari, hilo nililiulizia.

Usiku nimefika nyuzi 15. Multivitamini nimehamisha kwenye tarehe 1 na 15.

Naweza kukadiria atazaa lini?

---

Pembe3

Vizuri kwamba umeulizia kilichosalia. Yai viza lililobaki ndani ndilo linaloua majike wiki ya tatu na ya nne, watu wakisema amekufa ghafla.

Kukadiria: mimba ya Julai ilichukua miezi mitano na nusu kwa nyuzi 17 hadi 18 usiku. Ukimshusha usiku, tarajia irefuke. Mizani yako ilivuka 56 kati ya wiki ya 4 na ya 6, kwa hiyo mimba ilianza karibu na katikati ya Februari, au kabla kidogo. Andika kwenye kalenda: kuanzia mwisho wa Julai mtazame kila asubuhi, na usishangae Agosti ikipita nusu.

Dalili za siku za mwisho: anaacha kula siku mbili au tatu, anazunguka tundu lote akipanda na kushuka, tumbo limeteremka nyuma. Hapo weka majani mengi laini chini, kama ya pothosi (mmea wa nyumbani unaotambaa), na moss yenye unyevu sakafuni. Watoto huangushwa kutoka juu, kila mmoja ndani ya utando wenye gundi. Wengine hunata kwenye jani, wengine huanguka chini na mshtuko huo ndio unaowaamsha. Usiwapasulie utando mara moja. Akipita dakika tano akiwa anapumua lakini hajatoka, lowesha utando kwa maji ya uvuguvugu kwa ncha ya brashi. Utoe watoto wote siku hiyohiyo.

Kinachotaka daktari haraka, bila kungoja kesho: kusukuma zaidi ya saa nne bila kitu kutoka, kukaa sakafuni macho yamefungwa mchana, au kutoa wawili watatu kisha kukatika na tumbo bado limejaa. Mara nyingi kalsiamu imeisha mwilini na misuli haina nguvu ya kusukuma. Daktari huanza na sindano ya kalsiamu na maji, ndipo aongeze oksitosini (homoni inayokaza mfuko wa uzazi) kama picha inaonyesha njia iko wazi. Oksitosini ikitangulia kwa jike asiye na kalsiamu, au mwenye mtoto aliyekaa vibaya, inaweza kupasua mfuko wa uzazi. Chukua namba ya simu ya daktari wa usiku sasa, usingoje Julai.

Akizaa, mpime siku ileile, kisha ultrasaundi ya pili wiki ya sita hata kama anaonekana mzima. Mbegu za Julai zinaweza kuwa bado zipo. Ikionekana yuko mtupu, ndipo saa yako ya miezi sita inaanza kuhesabika.

---

Mlalo77

Kwa hiyo dume mwaka huu hana kazi.

---

Pembe3

Ana kazi ya kula nyenje watano kila baada ya siku moja. Mwaka ujao, Februari au Machi, aulizwe tena.